Nyuma ya Sensa: Nafasi ya Jenetiki ya Makundi ya Viumbe katika Uhifadhi wa Wanyamapori na Mimea Pori

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna jenetiki ya makundi ya viumbe inavyotumika kuchunguza na kuhifadhi wanyama na mimea ya porini. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Afrika Mashariki na nchi jirani: simba wa Kreta ya Ngorongoro, duma wa Serengeti, sokwe wa milimani wa Bwindi, ndovu wa kusini mwa Tanzania na mibuni pori ya Ethiopia. Hoja kuu ni kwamba sensa, ingawa ni nyenzo ya lazima, haioneshi peke yake usalama wa spishi. Kundi linaweza kuwa na wanyama wengi huku wazazi wanaorithisha jeni zao wakiwa wachache. Hata hivyo, makala yanaonesha pia kwamba si kila kundi lenye uanuwai mdogo wa jeni linaangamia kwa sababu hiyo. Kwa hiyo thamani ya taaluma hii imo katika kumwezesha mhifadhi kuuliza swali sahihi kabla ya kuchagua hatua ya kuchukua.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1962 Kreta ya Ngorongoro ilikumbwa na mlipuko wa inzi wa kuuma wa jenasi Stomoxys, waliostawi baada ya mvua kubwa. Inzi hao waliwashambulia simba mfululizo, wakawajaza vidonda na kuwadhoofisha hata wakashindwa kuwinda. Kwa mujibu wa uchambuzi wa Packer na wenzake (1991), waliosalia walikuwa majike tisa na dume mmoja. Katika miaka ya 1964 na 1965 madume saba waliingia kutoka nje, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 kreta ilikuwa tena na simba wengi. Mgeni aliyesimama ukingoni na kutazama chini angeweza kusema kwamba janga limepita na mambo yamerejea kama yalivyokuwa.

Vipimo vya damu na vya mbegu za uzazi vilitoa jibu jingine. Simba wote wa kreta walikuwa kizazi cha wazazi wapatao 15 tu. Uanuwai wao wa jeni ulikuwa mdogo kuliko ule wa simba wa Serengeti, walioko umbali mfupi upande wa magharibi. Idadi ilikuwa imerudi, lakini kilichopotea katika damu hakikurudi pamoja nayo.

Pengo hilo kati ya kinachohesabiwa kwa macho na kinachorithiwa ndilo eneo la kazi la jenetiki ya makundi ya viumbe. Sehemu zinazofuata zinaeleza dhana za msingi za taaluma hii, kisha zinachambua mifano mahususi, na hatimaye zinajadili namna matokeo ya maabara yanavyoweza kuongoza uamuzi wa uhifadhi.

2.0 Dhana za Msingi

2.1 Kundi, jeni na aleli

Katika makala haya, kundi maana yake ni viumbe wa spishi moja wanaoishi katika eneo moja na kuzaliana wao kwa wao. Jeni moja inaweza kuwa na sura zaidi ya moja, na kila sura huitwa aleli. Mnyama hupokea nakala moja ya jeni kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Nakala hizo zikitofautiana, mnyama huyo ni heterozigoti kwa jeni hiyo; zikifanana, ni homozigoti. Wastani wa uheterozigoti katika kundi ni mojawapo ya vipimo vya kawaida vya uanuwai wa jeni. Kipimo kingine ni idadi ya aleli zinazopatikana katika kundi zima.

Mwaka 1908 G. H. Hardy wa Uingereza na Wilhelm Weinberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walionesha kwamba katika kundi kubwa linalojamiiana bila upendeleo, uwiano wa aleli haubadiliki kizazi hata kizazi iwapo hakuna nguvu nyingine inayouathiri. Kanuni hiyo hutumika kama kipimio. Mtafiti akikuta uwiano halisi umeachana na ule unaotarajiwa, huuliza ni nguvu gani imefanya kazi: uteuzi asilia, mabadiliko mapya ya jeni, uhamaji, kuzaliana kwa ndugu, au bahati.

2.2 Bahati na idadi fanisi

Bahati inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo adui mkubwa wa makundi madogo. Mtu akichota kikombe kimoja cha nafaka kutoka gunia lenye mahindi ya rangi nyingi, rangi zilizo adimu huenda zisiingie kabisa katika kikombe. Kizazi kipya ni kikombe cha namna hiyo, kilichochotwa kutoka katika jeni za wazazi. Kikombe kikiwa kikubwa, takribani kila rangi huingia. Kikiwa kidogo, baadhi ya aleli hupotea, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu tu hazikuchotwa. Mabadiliko haya ya kibahati huitwa mchepuko wa kijenetiki.

Kasi ya mchepuko haitegemei idadi ya wanyama wanaoonekana katika sensa. Inategemea idadi fanisi, dhana iliyojengwa na Sewall Wright katika maandishi yake ya mwaka 1931. Idadi fanisi ni ukubwa wa kundi la kinadharia ambalo wote huzaa kwa usawa na ambalo lingepoteza uanuwai kwa kasi ileile ya kundi halisi. Pale ambapo idadi ya madume na ya majike wanaozaa haifanani, idadi fanisi hukadiriwa kwa kuzidisha idadi ya madume kwa idadi ya majike, kisha kuzidisha zao hilo kwa 4 na kuligawanya kwa jumla ya wazazi wote. Kundi la wazazi 50 lenye madume 5 na majike 45 lina idadi fanisi ya 18 tu.

Msukosuko wa idadi kutoka kizazi hadi kizazi nao huacha alama. Kundi lililokuwa na wazazi 100, kisha 100, kisha 10, na tena 100, halina wastani fanisi wa 78 kama hesabu ya kawaida inavyodokeza. Kwa kuwa hapa hutumika wastani wa hamoniki, jibu ni takribani 31. Kizazi kimoja cha dhiki huwagharimu wote wanaofuata. Hali hiyo ya kundi kupungua ghafla na kupitisha jeni zake kupitia wazazi wachache inaitwa hapa mbanano.

Katika kila kizazi, kundi hupoteza sehemu ya uheterozigoti inayokadiriwa kuwa moja ikigawanywa kwa idadi fanisi iliyozidishwa mara mbili. Kundi lenye idadi fanisi ya 50 hupoteza asilimia 1 kwa kizazi. Lenye 500 hupoteza asilimia 0.1. Ndiyo asili ya viwango vilivyopendekezwa na Ian Franklin mwaka 1980: angalau 50 ili kuepuka madhara ya haraka ya kuzaliana kwa ndugu, na angalau 500 ili kubakiza uwezo wa kubadilika kadiri mazingira yanavyobadilika. Wataalamu kadhaa, akiwemo Richard Frankham mwaka 2014, wamependekeza viwango hivyo viongezwe mara mbili.

2.3 Utengano na mtiririko wa jeni

Makundi mawili yaliyotengana huchepuka kila moja upande wake. Kiasi cha tofauti iliyojengeka kati yao hupimwa kwa kielelezo cha Wright kiitwacho FST. Thamani ya sifuri huonesha kwamba makundi hayo ni kama moja. Kadiri thamani inavyokaribia moja, ndivyo utengano ulivyo mkubwa. Kinachopunguza utengano ni mtiririko wa jeni, yaani wanyama wanaohama na kuzaa, au chavua na mbegu zinazosafiri. Kinadharia, mhamiaji mmoja anayefanikiwa kuzaa katika kila kizazi hutosha kuzuia makundi mawili yasitengane kabisa. Neno zito katika sentensi hiyo ni kuzaa: mnyama aliyevuka ushoroba akafa bila mtoto hajapeleka jeni yoyote.

3.0 Kuhesabu na Kutambua kwa Njia ya Vinasaba

Kabla ya kujadili afya ya jeni, taaluma hii husaidia hata katika sensa yenyewe. Wanyama wengi hawahesabiki kwa macho. Sokwe wa milimani katika msitu mnene wa Bwindi nchini Uganda wamehesabiwa kwa muda mrefu kwa kutumia viota wanavyotengeneza kila usiku. Katika sensa ya mwaka 2006, watafiti walikusanya pia kinyesi kutoka katika viota hivyo na kuchambua vinasaba vya kila sampuli. Hesabu ya viota ilitoa sokwe 336. Vinasaba vilitambua 302. Tofauti hiyo ilieleweka: baadhi ya sokwe walitengeneza zaidi ya kiota kimoja, hivyo wakahesabiwa zaidi ya mara moja. Kwa kundi dogo kiasi hicho, kosa la takribani asilimia 10 si dogo, kwa maana linaweza kufanya upungufu uonekane kuwa ongezeko. Sensa zilizotangazwa hadi mwaka 2019, zilizotumia njia ya vinasaba, ziliweka idadi ya sokwe wa milimani katika Virunga na Bwindi kuwa 1,063.

Matumizi mengine ni kutambua asili. Samuel Wasser na wenzake walikusanya sampuli za kinyesi na tishu za ndovu kutoka sehemu nyingi za Afrika na kuchora ramani ya aleli kwa kutumia vipande vya DNA viitwavyo mikrosatelaiti. Pembe iliyokamatwa bandarini inaposagwa na vinasaba vyake kusomwa, huwezekana kukadiria ndovu yule aliuawa wapi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kwamba sehemu kubwa ya shehena za pembe za ndovu wa savana zilizokamatwa katika miaka iliyotangulia zilitoka Afrika Mashariki, hasa kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Sensa za Tanzania zilisema jambo lilelile kwa lugha nyingine: ndovu wa nchi nzima walikadiriwa kuwa takribani 109,000 mwaka 2009 na takribani 43,000 mwaka 2014. Sensa ilionesha ukubwa wa hasara. Vinasaba vilionesha kwamba ujangili huo haukutapakaa bara zima kwa usawa, bali ulikuwa na vitovu vyake. Doria na upelelezi huhitaji taarifa ya aina hiyo.

Vinasaba vilevile vimebadili orodha ya spishi. Ushahidi uliolimbikizwa tangu mwaka 2001 ulichangia uamuzi wa Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, wa mwaka 2021 kutathmini ndovu wa savana na ndovu wa msituni kama spishi mbili. Matokeo yake yaligusa uhifadhi moja kwa moja: ndovu wa msituni, aliyekuwa amefichwa ndani ya hesabu ya pamoja, aliwekwa katika kundi la spishi zilizo hatarini zaidi.

4.0 Simba wa Ngorongoro: Uchambuzi wa Mfano

Kanuni zilizoelezwa katika sehemu ya pili zikitumika kwa simba wa Ngorongoro, ukubwa wa athari ya mwaka 1962 huonekana wazi. Ikichukuliwa, kwa ajili ya mfano tu, kwamba majike wote tisa wangezaa na dume yule mmoja, idadi fanisi ingekuwa 3.6, na kizazi kimoja kingepoteza takribani asilimia 14 ya uheterozigoti. Ikichukuliwa kwamba madume saba walioingia nao walizaa kwa usawa, idadi fanisi hupanda hadi takribani 17, na hasara hushuka hadi asilimia 3 hivi. Katika maisha halisi simba hawazai kwa usawa, kwa hiyo takwimu hizi ni kielelezo na si kipimo. Hata hivyo, zinaeleza jambo ambalo sensa haiwezi kulieleza: madume saba waliokuja kwa miguu yao walikuwa na thamani kubwa kuliko ongezeko lao la saba katika daftari la hesabu.

Baada ya hapo mlango ulifungwa. Packer na wenzake hawakuona uhamiaji mwingine tangu mwaka 1969 hadi wakati wa uchambuzi wao. Kreta ina sakafu ya takribani kilomita za mraba 250, nayo imezungukwa na kingo ndefu. Zaidi ya hayo, madume wa ndani waliishi kwa miungano imara, na wageni hawakupata nafasi. Utafiti wa Wildt na wenzake (1987) uliwalinganisha simba wa Serengeti, simba wa Ngorongoro na simba wenye asili ya Msitu wa Gir nchini India. Uanuwai wa jeni ulikuwa mkubwa zaidi Serengeti, wa kati Ngorongoro, na mdogo mno kwa simba wa Gir. Kasoro za mbegu za kiume zilifuata mpangilio huohuo kinyume chake: kadiri uanuwai ulivyopungua, ndivyo mbegu zenye kasoro zilivyoongezeka.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuhitimisha kwamba jeni ndizo zilizowakwamisha simba wa kreta. Lakini Kissui na Packer (2004) walipochambua takwimu za miongo kadhaa waligundua kwamba idadi ya simba ilibaki chini ya kiwango ambacho chakula kingeweza kukimu, na kwamba kilichoishusha mara kwa mara ni milipuko ya magonjwa. Mwaka 2001, kwa mfano, ugonjwa wa sotoka ya mbwa uliambatana na vimelea vya babesia vinavyoenezwa na kupe. Mwaka 1994 ugonjwa huohuo wa sotoka ulikuwa umeua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, ambao uanuwai wao wa jeni ni mkubwa. Kwa hiyo uanuwai haukuwa kinga kamili. Tofauti ni kwamba Serengeti ilikuwa na simba wengi wa kujaza nafasi zilizoachwa, na kundi lake lilirudi upesi.

Fundisho la Ngorongoro, basi, ni la pande mbili. Udogo na utengano wa kundi ndio chanzo cha hatari, na hatari hiyo hujidhihirisha kwa njia ya jeni, kwa njia ya magonjwa na kwa njia ya bahati mbaya ya kawaida. Dawa inayogusa yote matatu ni ileile: kufungua njia. Njia hiyo haipiti katika ardhi tupu. Kati ya kreta na Serengeti wanaishi wafugaji wa Kimaasai, na dume anayetafuta himaya hukutana na ng'ombe kabla hajakutana na jike. Hapo ndipo swali la jeni linapogeuka kuwa swali la maboma yaliyo imara, fidia inayolipwa kwa wakati, na mfugaji anayeona faida ya kumwacha simba apite.

5.0 Duma na Sokwe: Tahadhari dhidi ya Hitimisho la Haraka

Mifano miwili inaonya dhidi ya kulaumu jeni kwa kila upungufu. Wa kwanza ni duma. Katika miaka ya 1980 Stephen O'Brien na wenzake walionesha kwamba uanuwai wa jeni wa duma ni mdogo kiasi kwamba vipande vya ngozi vilivyohamishwa kutoka duma mmoja hadi mwingine asiye ndugu yake havikukataliwa upesi na mwili, kama ambavyo ingetarajiwa. Matokeo hayo yalienea, na upungufu wa jeni ukachukuliwa na wengi kuwa ndio tishio kuu kwa duma. Baadaye Karen Laurenson aliwafuatilia duma wa Serengeti tangu wanapozaliwa. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1994, takribani mtoto mmoja tu kati ya 20 alifikia umri wa kujitegemea, na sababu kubwa ya vifo ilikuwa kuliwa na wanyama wengine, hasa simba. Kwa kundi hilo, mpango wa kuongeza uanuwai wa jeni usingegusa kinachoua watoto.

Wa pili ni sokwe wa milimani. Jenomu zao, zilizochapishwa na Xue na wenzake mwaka 2015, zina sehemu ndefu ambamo nakala ya baba na ya mama hazitofautiani, ishara ya kuzaliana kwa ndugu kwa vizazi vingi. Hata hivyo, jenomu hizohizo zilionesha kwamba baadhi ya jeni zenye madhara makubwa zaidi zilikuwa zimechujwa. Katika kundi lililopungua polepole kwa maelfu ya miaka, jeni mbaya hujitokeza mara kwa mara katika hali ya homozigoti, na wanaozibeba hufa bila kuzaa. Mchujo huo hauondoi hatari, kwa kuwa jeni zenye madhara madogo hubaki na kulimbikizana. Lakini unaonesha kwamba kundi lililobanwa taratibu si sawa na kundi lililoporomoka katika kizazi kimoja. Historia ya kundi ni sehemu ya utambuzi wa ugonjwa wake.

6.0 Mimea Pori: Mfano wa Mbuni

Mimea haihami kwa miguu, na mingi hujichavusha yenyewe. Hivyo mifumo yake ya jeni huwa tofauti na ya wanyama. Mbuni wa arabika, Coffea arabica, ni mfano ulio karibu na maisha ya wakulima wa Kilimanjaro, Mbinga, Kirinyaga na Mlima Elgon. Spishi hii ilizaliwa kwa kuungana kwa spishi mbili, Coffea canephora, yaani robusta, na Coffea eugenioides. Kila mzazi ana kromosomu 22. Arabika ina 44. Kwa kuwa muungano huo ulianzia kwa mimea michache mno, na kwa kuwa arabika hujichavusha, spishi nzima ilianza maisha yake ikiwa tayari imepita katika mbanano.

Mibanano mingine ilifuata. Mbegu chache zilitoka Ethiopia kwenda Yemen, na kutoka huko mimea michache zaidi ikapelekwa Java, Amsterdam na kisiwa cha Réunion. Sehemu kubwa ya kahawa ya arabika inayolimwa duniani imetokana na nasaba hizo mbili, ya Typica na ya Bourbon. Mkulima wa kahawa, hata akiwa na ekari nyingi, analima ndugu wa karibu. Ugonjwa unaoweza kushambulia mti mmoja unaweza kushambulia shamba zima, na ndivyo kutu ya majani ilivyoiangamiza kahawa ya Ceylon kuanzia mwaka 1869.

Hazina iliyosalia iko porini, katika misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia na katika uwanda wa juu wa Boma nchini Sudan Kusini. Faida yake si ya kinadharia. Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa nchini Kenya mwaka 1985 ili kuhimili chulebuni na kutu ya majani, ilirithi sehemu ya ukinzani wake kutoka Rume Sudan, aina yenye asili ya Boma, na sehemu nyingine kutoka mseto uliojitokeza wenyewe kisiwani Timor kati ya arabika na robusta. Jeni zilizokuwa msituni ziliingia shambani na kumwokoa mkulima gharama ya kunyunyizia dawa.

Jeni hizo haziwezi kuhifadhiwa kwa urahisi katika ghala. Mbegu za kahawa hazivumilii kukaushwa na kugandishwa kwa miaka mingi kama zinavyovumilia mbegu za mtama au ngano. Hivyo uhifadhi wake hutegemea bustani za miti hai na, zaidi ya yote, misitu yenyewe. Mwaka 2010 UNESCO ilitambua maeneo ya Kafa na Yayu nchini Ethiopia kuwa hifadhi za bayongahewa, na kahawa pori ni mojawapo ya sababu kuu za umuhimu wake. Jenetiki husaidia hapa kwa namna mbili. Kwanza, huonesha ni misitu ipi inayotofautiana, ili nguvu zisielekezwe kwenye misitu mitatu yenye aleli zilezile huku wa nne, wenye aleli za pekee, ukikatwa. Pili, hutambua pale ambapo chavua ya kahawa ya shambani imeingia msituni na kuanza kufuta tofauti iliyokuwapo.

Suala hili haliishii Ethiopia. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2019 ilihesabu spishi 124 za jenasi ya Coffea na kukadiria kwamba takribani asilimia 60 ziko hatarini kutoweka. Baadhi zinapatikana katika Milima ya Tao la Mashariki nchini Tanzania, zikiwemo Coffea mufindiensis na Coffea kihansiensis, ambazo majina yake yenyewe yanataja makwao.

7.0 Kutoka Maabara hadi Uamuzi

Matokeo ya kijenetiki huwa na maana kwa uhifadhi pale yanapochagua kati ya hatua mbili au zaidi. Hatua inayojadiliwa zaidi ni uokoaji wa kijenetiki, yaani kuingiza wazazi wapya katika kundi lililodhoofika. Mfano unaotajwa sana ni wa puma wa Florida nchini Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki takribani 20 hadi 30, wengi wakiwa na mikia iliyopinda, kasoro za moyo na korodani zisizoshuka. Mwaka 1995 majike wanane waliletwa kutoka Texas. Johnson na wenzake (2010) walionesha kwamba idadi ya puma iliongezeka mara tatu, uheterozigoti ukawa mara mbili, na kasoro zikapungua.

Hatua hiyo ina hatari zake. Makundi yaliyotengana kwa muda mrefu yanaweza kuwa yamezoea mazingira tofauti, na watoto wa mchanganyiko wakakosa ustahimilivu wa pande zote mbili. Mnyama mgeni anaweza pia kuleta ugonjwa, au asiwe na kinga dhidi ya magonjwa ya mahali anapopelekwa. Kwa hiyo asili ya wanyama wanaohamishwa huchunguzwa kwanza. Mwaka 2010 faru weusi watano walirudishwa Serengeti kutoka Afrika Kusini. Hao walikuwa kizazi cha faru wa Afrika Mashariki waliopelekwa huko kutoka Kenya katika miaka ya 1960, hivyo nasaba yao ilioana na ya mahali walipofikia. Umuhimu wa uangalifu huo huonekana katika utafiti wa Moodley na wenzake (2017), uliolinganisha vielelezo vya zamani vya makumbusho na sampuli za faru walio hai: kati ya nasaba 64 za upande wa mama zilizotambuliwa, 44 hazipo tena. Nasaba iliyotoweka hairudishwi na ongezeko la idadi.

Pale ambapo ardhi bado ipo, ushoroba ni bora kuliko gari la kusafirishia wanyama, kwa kuwa hufanya kazi kila mwaka bila bajeti ya kila mwaka. Tanzania ilitunga kanuni za shoroba za wanyamapori mwaka 2018. Kipimo cha mafanikio ya ushoroba hakipaswi kuwa nyayo peke yake. Sampuli za kinyesi kutoka pande zote mbili, zikichukuliwa kila baada ya kizazi, zinaweza kuonesha kama waliovuka walizaa.

Katika ngazi ya kimataifa, Mfumo wa Bioanuwai wa Kunming-Montreal uliopitishwa Desemba 2022 umeuweka uanuwai wa jeni ndani ya malengo yake. Mojawapo ya viashirio vyake ni uwiano wa makundi ndani ya spishi yenye idadi fanisi inayozidi 500. Kwa mara ya kwanza nchi zinatarajiwa kutoa taarifa ya idadi isiyoonekana kwa darubini ya mhesabu aliye ndani ya ndege.

Utekelezaji unakabiliwa na vikwazo. Gharama ya kusoma jenomu imeshuka sana, lakini sampuli nyingi za Afrika bado huchambuliwa nje ya bara, na matokeo huchelewa kumfikia mhifadhi aliyezikusanya. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inadai mgawanyo wa haki wa manufaa yatokanayo na rasilimali za kijenetiki, ila mgawanyo huo huhitaji maabara na wataalamu katika nchi zenye rasilimali hizo. Kikwazo kingine ni cha lugha. Askari wa wanyamapori, diwani na mfugaji ndio wanaoamua kila siku kama ushoroba utabaki wazi. Ikiwa dhana ya idadi fanisi haina maelezo katika lugha wanayoitumia, watabaki na takwimu ya sensa pekee, na takwimu hiyo inaweza kuwatuliza wakati wasiostahili kutulia.

8.0 Hitimisho

Mifano iliyojadiliwa inaonesha kwamba jenetiki ya makundi ya viumbe hufanya kazi tatu: hutambua na kuhesabu kisichoonekana, hufichua historia ya kundi, na huongoza uchaguzi wa hatua. Simba wa Ngorongoro wanaonesha kwamba idadi inaweza kurudi bila uanuwai kurudi. Duma wa Serengeti wanaonesha kwamba uanuwai mdogo si lazima uwe ndio chanzo cha vifo. Mibuni pori inaonesha kwamba kinachohifadhiwa msituni leo kinaweza kuwa ndicho kitakachohitajika shambani kesho.

Kwa muktadha huo, makala yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, ripoti za sensa za spishi zilizo katika makundi madogo zieleze, pamoja na jumla ya wanyama, makadirio ya madume na majike wanaozaa na taarifa za uhamaji, kwa kuwa takwimu hizo zinaweza kukusanywa hata pasipo maabara. Pili, pale uchambuzi wa vinasaba unapofanyika, uambatane na uchunguzi wa magonjwa, wa vifo vya watoto na wa matumizi ya ardhi, ili jeni zisibebeshwe lawama isiyo yake wala zisiachwe nje ya hesabu. Mwaka 1964 na 1965 madume saba waliingia kreta bila kupangiwa na mtu yeyote. Kazi iliyobaki kwa wahifadhi ni kuhakikisha kwamba wengine watakapokuja, watakuta njia.